Betri Sita na Sauti ya Mwikali

Jumatatu, 2 Desemba 1985. Kitui.

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Nimechomeka rekoda mara moja kabla haujabadili nia. Waya wangu ni wa Tabora, una pini mbili za duara. Matundu ya ukutani huku ni matatu, ya mraba. Nimesukuma tundu la juu kwa kijiti cha kiberiti hadi mawili ya chini yakafunguka, ndipo pini zikaingia. Mwenye nyumba ya wageni amesimama mlangoni akinitazama kama ninayemwibia.

Nimehesabu moja hadi ishirini ndani ya mashine na kujisikiliza. Inafanya kazi. Sauti yangu ni ya mzee kuliko nilivyodhani.

Betri zangu ni kumi na mbili, zile kubwa. Sita mpya bado zimo katika karatasi zake. Sita zimetumika nusu. Mpya nimezikwaruza msalaba mmoja kwa msumari, za zamani misalaba miwili. Nina kaseti mbili tupu. Kijijini hakuna umeme, kwa hiyo hivi ndivyo vyote nilivyo navyo.

Nimemwona daktari. Atampasua dada yangu Mwikali Jumatano tarehe kumi na nane. Rovu la shingoni limekua, linabana mahali sauti inapotoka. Nimemuuliza kama sauti itabaki. Amesema atajitahidi. Jibu la mtu asiyetaka kushikwa kwa maneno yake.

Binti yangu alinipa rekoda hii akasema nimletee sauti ya shangazi yake. Sikumwambia kwamba ninayeitaka hasa ni mimi. Mama alikufa nikiwa na miaka minne. Sikumbuki hata neno lake moja. Lakini wazee wote waliomjua walikuwa wakisema: ukitaka kumsikia, msikilize Mwikali.

Nina siku kumi na sita.

Alhamisi, 5 Desemba. Makindu.

Nimelala kwenye hekalu la Makalasinga. Chai, dengu, kitanda, bila kuulizwa dini wala kabila. Na tundu la umeme, zima, karibu na kitanda. Nimeketi hapo hadi saa tano nikijaribu kaseti zote mbili ili nisiguse betri. Mzee mmoja mwenye kilemba ameniletea chai ya pili. Nikajiuliza anataka nini. Hakutaka chochote. Miaka thelathini na minne ya kuishi kwa watu inamfanya mtu kuwa hivi.

Mutisya amekuja kunichukua kwa baiskeli. Ni mwana wa Mwikali, ana miaka thelathini na kitu. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni nilipoondoka kwenda kazi ya reli Tanganyika. Amefunga sanduku langu nyuma ya baiskeli. Rekoda nimeishika mwenyewe, njia yote, kwa miguu.

"Mjomba, si uweke hiyo mashini hapa juu? Ama unaogopa nitaruka nayo?"

Nimecheka. Sikumpa.

Ijumaa, 6 Desemba. Nyumbani.

Mvua imepita vizuri mwaka huu. Mbaazi zimefika kifuani. Mwaka jana, wanasema, walikuwa wakila mahindi ya njano ya msaada.

Mwikali amenishika uso kwa mikono miwili. Baadaye akasema nimekonda kama nguzo ya simu. Rovu ni kubwa kama kiazi cha kupanda. Sauti ipo, lakini akizungumza sana inakatika. Ana nguvu asubuhi tu, baada ya uji. Tumekubaliana: kila asubuhi, nusu saa.

Leo ametaja ng'ombe wote wa baba kwa majina. Kumi na saba. Hakusita hata kwa mmoja. Kidirisha cha namba kwenye rekoda kimeishia 88. Nimeandika. Nitaandika kila siku.

Kikamba changu kina kutu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichobaki na makali.

Jumamosi, 7 Desemba.

Ameeleza jinsi mama alivyokuwa akifunga ndama. Namba 143.

Mutisya amesimama nje ya dirisha wakati wote. Alikuwa akinoa panga. Panga gani linanolewa nusu saa?

Jumapili, 8 Desemba.

Wote wamekwenda kanisani, mimi pia. Mwikali amebaki kwa sababu ya shingo. Mahubiri marefu, nyimbo nzuri. Tumerudi saa nane.

Namba nimeiacha 143. Nimeikuta 061.

Mashine haijirudishi yenyewe. Mtu ameigusa. Mutisya alitoka kanisani katikati ya mahubiri, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Nimelihifadhi hilo.

Jumatatu, 9 Desemba.

Nimejua wanachoogopa. Shamba hili ni la baba yangu, si la baba yake Mutisya. Mwikali alirudi hapa alipofiwa na mume, na mwanawe amelilima miaka yote mimi nikiwa Tabora. Sasa anarudi mjomba, mwanamume pekee aliyebaki, na mashine inayoshika maneno. Asubuhi hii Mwikali, katika kisa cha fahali aliyepotea, ametaja mpaka wa baba: kutoka mwamba mweupe hadi korongo. Panga likanyamaza nje ya dirisha.

Wakati wa chakula cha mchana Mutisya ameniuliza, akitazama sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa:

"Mjomba, hii mashini itaenda kusikizwa wapi? Kwa chifu?"

"Kwa binti yangu."

"Na huyo binti anajua mambo ya mwamba?"

Mkewe, Ndunge, amemsukumia bakuli la kunde.

Sitaki shamba. Nina nyumba Tabora, na kaburi la mke wangu liko huko. Lakini sikusema. Mtu akikudhania mwizi, unaona haya kujitetea kama mwizi.

Jumanne, 10 Desemba.

Namba: niliacha 230, nimekuta 175. Tena.

Atakuwa anatafuta mahali penye mwamba, apafute. Na anamaliza betri zangu mpya. Nimebadili utaratibu. Kila baada ya kurekodi natoa zile sita mpya na kuzificha. Ndani ya mashine naacha za zamani. Atakayewasha atasikia anachostahili.

Nimezilaza betri mpya katika kopo la biskuti la bati, chini ya nguo sandukuni. Zimeingia sawasawa, kana kwamba kopo lilipimiwa hizo. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 11 Desemba.

Tumejaza upande wa kwanza na kuanza wa pili. Leo mama amefika. Namaanisha: Mwikali alikuwa akieleza jinsi mama alivyomkemea kwa kumwaga maziwa, akamuigiza. Ni maneno sita au saba tu. Nilizima mashine nikatoka nje kutazama mbuzi.

Mchana Mwikali amekuwa kimya mno. Anajishika koo, anameza, anajishika tena. Amemuuliza Ndunge kama sauti yake imebadilika. Ndunge akasema hapana, mwaitu, mama yangu, mbona?

Alhamisi, 12 Desemba. Jamhuri.

Redio ya Mutisya, iliyokuwa ikikoroma tangu nifike, leo asubuhi imepiga gwaride zima hadi kwa majirani. Watu wamekuja kuketi uani. Hotuba imesikika neno kwa neno.

Amepata wapi nguvu hizo? Inatumia betri kubwa, kama zangu.

Nimekwenda kufungua kopo. Sita. Msalaba mmoja kila moja. Lakini kopo lilikuwa na joto mkononi. Kwa nini liwe na joto, lipo chini ya nguo? Mtu alikuwa amelishika muda si mrefu. Sina maelezo mengine.

Ijumaa, 13 Desemba.

Betri mpya zimekufa. Mashine imezunguka kidogo, ikachoka katikati ya neno. Mwikali amenitazama usoni, si mashine. Nikasema tutaendelea kesho.

Zilikuwa na nguvu tele juzi. Nina hakika sasa: anazitoa, anazitumia kwenye redio yake, anazirudisha. Sijui amejuaje kopo.

Asubuhi mbili nzima, jana ya gwaride na leo, hazijarekodiwa. Zimebaki tatu.

Jumamosi, 14 Desemba.

Kaseti haipo.

Ile ya kwanza, yenye ng'ombe, ndama, mwamba, na yale maneno sita ya mama. Jana mchana ilikuwa ndani ya rekoda. Leo saa tatu mdomo wa rekoda u wazi, kaseti hakuna, na betri za zamani hakuna.

Nimemsimamisha Mutisya uani, mbele ya mkewe. Sikupaza sauti. Nilisema ameiba betri zangu, na kwamba sasa ameiba sauti ya mama yake mwenyewe kwa ajili ya ekari nane za mawe.

Hakukasirika upesi. Alinyoosha mgongo kwanza.

"Mjomba, mimi niko na redio yangu. Mawe yake, hizo betri, nilinunua Makindu Jumatano, uliza kila mtu. Hiyo neno umesema, uliiweka juu yangu ama juu ya watoto wangu?"

Huku neno la mjomba si upepo. Mwana wa dada yako ukimlaumu kwa kinywa chako, lawama hiyo inabaki naye, hata mbuzi wakifa watu watahesabu siku tangu ulipolisema. Nililijua hilo. Nilisema vilevile.

Amechukua jembe akaenda shambani. Ndunge amechukua sahani yangu ya uji kabla sijamaliza.

Jumapili, 15 Desemba.

Sikwenda kanisani. Nimezunguka nyumba kama askari. Nyuma ya jiko kuna banda la kuku lenye bati la zamani, juu kidogo ya kichwa changu. Nikaona juu yake kitu kinang'aa.

Betri zangu sita, zile za misalaba miwili, zimepangwa mstari juani. Na mwisho wa mstari, kama ya saba, kaseti.

Jua la tangu jana. Bati la moto. Plastiki imepinda kama jani kavu. Utepe umejikunja upande mmoja.

Mwikali alikuwa amesimama nyuma yangu. Ana fimbo, sikumsikia. Akauliza, kwa ile sauti yake inayokatika, kama imepata nguvu.

Nitaandika alivyoniambia, taratibu.

Aliyekuwa akisikiliza ni yeye. Tangu Jumapili ile tulipokwenda kanisani. Hakuwahi kujisikia maishani. Alikuwa amekariri kitufe kwa kunitazama. Siku za kwanza alisikia mwanamke mwenye nguvu, akacheka, akaona haya kuniambia. Kisha kuanzia Jumanne sauti ikawa nzito, inajivuta, kama ya ng'ombe anayelala. Kila siku nzito zaidi. Akajua koo limemwisha na kwamba mashine imeliona kabla ya daktari.

Huku kila nyumba huanika betri za redio juu ya bati zikichoka, nazo hupata nguvu ya siku mbili. Hata mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, na tochi ya baba. Yeye akaona kilichochoka si betri peke yake. Akaianika na sauti.

Nami ndiye niliyeweka betri hafifu ndani ya mashine, Jumanne, ili mwizi asikie anachostahili.

Nimemweleza: betri zikichoka, utepe unakwenda polepole, na sauti inalala. Si koo. Akauliza mara tatu, "Si koo?" Si koo, dada. Akaketi juu ya kinu. Sijui kama ameniamini.

Nikafungua tena lile kopo la biskuti. Limepoa. Nimetazama jinsi betri zilivyokuwa zimelala: kichwa kimegusa bati upande huu, kitako kimegusa bati upande ule. Zote sita. Bati linapitisha umeme, mtoto wa shule anajua. Zimejimaliza zenyewe ndani ya maficho yangu, ndiyo maana ya lile joto. Mimi niliyefanya kazi ya reli miaka ishirini na sita, nikisoma kila kitabu kilichosahauliwa kwenye mabehewa.

Hakuna mwizi katika nyumba hii. Ninaona haya hata kushika kalamu.

Jumatatu, 16 Desemba.

Baada ya uji Mwikali amemwita Mutisya asiende shambani. Akaniambia sitaondoka hapa na lile neno likiwa bado limesimama uani. Akaniletea maji kwenye kibuyu. Nilikumbuka baba akifanya hivi, mara moja, kwa mjomba wetu. Nikasukutua kinywa, nikayatema mlangoni, nikasema: nililosema si kweli, limetoka kwangu, lisimfuate yeyote. Mutisya alitazama maji yakiingia mchangani hadi yakaisha. Hakusema amenisamehe. Alisema mbuzi wanangoja.

Nikabaki na kaseti moja tupu, betri kumi na mbili zilizokufa, na asubuhi ya mwisho. Kesho ni safari.

Haikupita robo saa Mutisya akarudi. Ameweka betri mezani, moja moja. Nne za redio, mbili za tochi. Hazina msalaba hata mmoja. Ndunge akasema, "Na krismasi tutasikiza nini? Kuku?" Akasema atasikiza kuku.

Nimezitia. Taa nyekundu imewaka. Nimeanza mimi, kwa Kiswahili, halafu kwa Kikamba kibovu ili kila mtu aelewe: shamba la kutoka mwamba mweupe hadi korongo ni la anayelilima, Mutisya, na mimi nimekuja kuchukua sauti tu. Mutisya alikuwa mlangoni. Panga hakuwa nalo.

Mwikali akasema, "Nyamaza sasa, unamaliza mawe ya watu."

Nilimwomba arudie maneno ya mama. Akakataa, akasema kukemea hakuigizwi bila kosa. Badala yake akaimba wimbo wa kusagia, ule wa mama, wote. Sikuwahi kujua kwamba una beti za mwisho. Katikati sauti ilikatika, akangoja, akameza, akaendelea. Dakika kumi na moja. Mutisya hakuondoka.

Namba 097. Nimevunja vile vijino vya nyuma ya kaseti ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kisha nimetoa betri na kumrudishia mwenyewe, nne na mbili.

Jumanne, 17 Desemba. Kitui.

Tumekuja kwa pikapu ya kanisa, Mwikali mbele na dereva, mimi na Mutisya nyuma juu ya magunia. Mto ulikuwa umeshuka, tumepita. Rekoda ilikuwa mapajani mwangu. Barabara ilipoharibika nimempa Mutisya aishike, ana mikono imara.

Jumatano, 18 Desemba.

Wamemwingiza saa tatu. Wamemtoa saa saba. Daktari anasema limetoka lote. Kuhusu sauti: tungoje. Asizungumze siku kumi. Safari hii sikutafuta kitu nyuma ya maneno yake.

Ijumaa, 20 Desemba.

Ameketi. Bendeji kutoka kidevu hadi kifuani. Ananywa maziwa kwa mrija. Mutisya amekwenda sokoni kumtafutia machungwa.

Ameonyesha mfuko wangu kwa kidole. Nikajifanya sielewi. Akaonyesha tena, kwa ukali.

Kuna tundu la umeme nyuma ya kitanda. Nimemuomba muuguzi, akasema iwe chini chini. Kijiti cha kiberiti, pini mbili. Umeme wa Kitui leo una nguvu, taa nyekundu imewaka bila kupepesa.

Nimerudisha utepe hadi mwanzo. Amenisikia nikisema habari ya shamba, akafumba macho akingoja nimalize. Halafu wimbo. Haukujivuta. Wala haukukimbia. Ulikuwa palepale alipouweka.

Alikuwa ameweka mkono juu ya bendeji. Ilipofika pale sauti ilipokatika, aliinua kidole tungoje. Tukangoja. Ikaendelea.

Wimbo ulipokwisha hakufungua macho. Amechezesha kidole hewani, duara dogo. Nirudishe mwanzo.

Nimerudisha.